Taifodi Tatu za Kapteni

Mama yake alikuja na bahasha ya kaki, na kabla hajaketi vizuri alikuwa ameshaimwaga mezani: karatasi tatu za maabara kutoka vituo vitatu tofauti, risiti za kemisti, na vipande vya pakiti za dawa alivyovikata kwa makasi asije akasahau majina. Karatasi zote tatu zilisema neno moja, taifodi. Ya kwanza ilikuwa ya mwisho wa Septemba 2024, ya pili ya Oktoba, ya tatu ya Januari 2025. "Daktari, huyu mtoto ametibiwa taifodi hadi mimi mwenyewe naweza kumwandikia dawa. Na haiishi."

Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, lakini hapa Nakuru kila anayekaa nyuma ya meza na kalamu ni daktari, na siku hizi nimechoka kukanusha. Nilichokuwa nikitazama ni mikono ya kijana. Mama akisimulia, yeye alizichukua zile karatasi moja moja, akazipanga kwa tarehe, akazilinganisha pembe, halafu akaiweka kila risiti chini ya karatasi yake. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa na miaka 17, kidato cha nne ndio kwanza kimeanza, na hakuwa ametamka neno tangu aliposalimia mlangoni.

Nitamwita Kapteni, kwa sababu cheo hicho, kapteni wa bweni, ndicho kilicho katikati ya mambo yote. Kisa chenyewe nimekishona kutoka kwa vijana zaidi ya mmoja na kubadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Nilichokiacha kama kilivyokuwa ni jinsi mambo yalivyofuatana, na makosa yangu.

Nyumbani kwao ni Kaptembwo. Mama anauza viazi na kabeji soko la Wakulima. Baba ni dereva wa trela kati ya Mombasa na Malaba. Hupita nyumbani usiku mmoja, akabadilisha nguo, akaondoka. Watoto ni wawili. Mdogo wake Kapteni alikuwa gredi ya tisa, na sifa yake mtaani ni kwamba aliwahi kudandia lori la mchanga hadi Njoro kwa sababu tu lilikuwa limepunguza mwendo. Tumbo moja, meza moja, hulka mbili zisizojuana. Wanaochunguza mapacha husema karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu hutokana na urithi, lakini urithi huo hugawiwa kama karata, hata kwa ndugu.

Nilimwomba mama anieleze mwanawe ni mtu wa namna gani. Ndani ya dakika chache alitumia maneno matano: mpole, ana haya, mkimya, mwoga, anafikiria sana. Niliyaandika kwa mfuatano huo kwa sababu kila moja lina bei yake. Upole na haya ni sifa. Aliyataja akiinua kidevu. Ukimya hauna sifa wala lawama. Woga ni lawama, hasa kwa mvulana, na alipolitamka alipunguza sauti. Kufikiria sana, kwetu huku, tayari ni ugonjwa. Ndilo jina tunalozipa huzuni na wasiwasi tunapoogopa kuitaja akili. Maneno matano juu ya mtoto mmoja, yameanzia kwenye sifa yakaishia kwenye maradhi, na hakuna aliponionyesha mtoto alivuka mpaka. Nilipomuuliza alivuka lini, alishangaa. "Hajavuka popote. Huyu ndivyo alivyo, tangu akiwa mdogo."

Sentensi hiyo niliisikia tena kwa naibu wa mwalimu mkuu kwenye simu, na mama akaniambia hata mchungaji aliyemwombea alisema vivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nikihesabu miezi iliyopita kabla kijana hajafika mezani kwangu, zaidi ya taifodi, zaidi ya ukosefu wa pesa, kilichomchelewesha ni hiyo "ndivyo alivyo".

Kiswahili kinatupa maneno mawili tunayoyachanganya. Tabia ni anachofanya mtu, na tukiitaja mara nyingi tunahukumu. Hulka ni namna mwili na moyo wake vinavyoiitikia dunia kabla hajapata nafasi ya kuamua afanye nini. Wanasaikolojia wengi huipima hulka kwa mizani mitano: uchangamfu, kupatana na watu, bidii na mpangilio, wepesi wa kupokea mambo mapya, na wepesi wa kuhofu na kusononeka. Mizani hiyo ina asili yake kwenye kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi ya Kiingereza wakakusanya karibu maneno 18,000 ya kuwaelezea watu, na waliowafuata wakayachuja kwa miongo hadi yakabaki makundi hayo. Kwa hiyo mama wa Wakulima na maprofesa wameanzia mahali pamoja, kwenye maneno ambayo watu husengenyana nayo.

Katika mizani hiyo, wa mwisho ndio unaoshikana zaidi na afya ya akili. Mwaka 2010 Roman Kotov na wenzake walikusanya tafiti 175 kuhusu sonona, maradhi ya wasiwasi na uraibu, na kundi baada ya kundi la wagonjwa walikuta picha ileile: wepesi wa kuhofu uko juu, bidii iko chini. Hiyo sehemu ya pili ndipo Kapteni anapotoka kwenye mstari. Hofu yake ilikuwa juu, ndiyo, lakini bidii yake ilikuwa juu kuliko ya yeyote shuleni kwao. Wastani wa watu maelfu haukumjua.

Na hofu kuwa juu nayo si hukumu. Jerome Kagan wa Harvard alifuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne. Aliwapa vya kuona, vya kusikia na vya kunusa wasivyovizoea, na karibu mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia. Wengi wa hao walikua wakawa watu wa tahadhari, na baadhi wakaja kuugua wasiwasi, ila sehemu kubwa hawakuugua. Ukimwona mtoto wa namna hii ukasema ndivyo alivyo, umesema nusu. Umeeleza ataegemea upande gani akisukumwa. Hujasema nani amemsukuma, wala lini.

Lini: hilo lilijibiwa na bahasha yenyewe. Septemba, Oktoba, Januari. Hakuna karatasi ya Novemba, hakuna ya Desemba, na mama alikiri kwamba likizo nzima mtoto alikula ugali kwa matumbo bila shida yoyote. Taifodi inayofunga shule pamoja na wanafunzi ni ya kuulizwa maswali.

Vituo vyote vitatu vilitumia kipimo cha Widal, damu kidogo na jibu ukiwa bado kwenye benchi. Kinatafuta kingamwili, na mahali ambapo wengi wetu tumeshakutana na vijidudu hivyo au ndugu zao, kingamwili hukaa damuni muda mrefu. Unaweza kwenda ukiwa mzima ukatoka na jibu la mgonjwa. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, nako huchukua siku kadhaa na pesa zaidi. Kabla sijagusa lolote nilimpeleka kwa daktari wa kweli. Damu ikaoteshwa, choo kikapimwa, tumbo likakutwa salama. Sipendi washauri wanaoiruka hatua hii. Ipo siku atakuja mtoto mwenye vidonda vya tumbo, nasi tumwambie apumue polepole.

Mama alipotoka nje, Kapteni alizungumza, taratibu, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. Tumbo lilianza zamani, darasani, siku za mitihani. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, lilinyamaza kabisa; mama yake baadaye aliniambia kwamba ule mwaka majirani walioulilia, yeye anaukumbuka kama mwaka mzuri wa mwanawe. Kidato cha kwanza likarudi siku za kufungua shule. Shule ni ya bweni, upande wa Molo kwenye baridi, na matatu ikipita Salgaa alikuwa anajua ashike mfuko tayari wa kutapikia. Lakini alifika, akasoma, akapita mitihani. Hadi hapo ninakubaliana na mama: ndivyo alivyokuwa. Mtoto wa hofu, anayejua kuishi nayo.

Kidato cha tatu akafanywa kapteni wa bweni. Kwa nini yeye? Hachelewi, hapotezi kitu, hasemi uongo. Shule hugawa vyeo kwa kutazama bidii, haziulizi bidii hiyo inaendeshwa na nini. Yake iliendeshwa na woga wa kukosea, kama gari linalokwenda vizuri sana kwa sababu dereva anafukuzwa.

Halafu, usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la shule moja katika kaunti ya Nyeri likashika moto, na wavulana 21 wakafa. Nchi nzima ililia. Wenzake Kapteni waliogopa pia, wakaongea, kisha wakasahau kama vijana wanavyosahau. Yeye alikuwa na daftari lenye majina ya wavulana 64 wanaolala chini ya cheo chake. Usiku habari zilipofika alihesabu vitanda. Kesho yake akahesabu mara mbili. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiamka saa nane usiku kukagua soketi moja moja, kisha milango, kisha vitanda tena, na asubuhi tumbo likawa limejifunga kama ngumi. Mara mbili, wakati wa masomo ya jioni, moyo ulimwenda mbio, mikono ikafa ganzi, akawa na hakika anakufa. Kila mara ilipita ndani ya robo saa. Hakumwambia mtu. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani.

Alitaja pia jambo moja ambalo niliandika pembeni ya ukurasa kisha nikalipita: mlango wa pili wa bweni hufungwa kwa kufuli usiku, na ufunguo hukaa getini kwa mlinzi.

Kilichofuata ni mzunguko ambao kila aliyeugusa aliufanya kwa wema. Tumbo lilimpeleka kwa matroni, matroni akampeleka kwa mwalimu wa zamu, mwalimu akaandika ruhusa, naye akateremka Nakuru. Kabla hata matatu haijafika Salgaa, tumbo limetulia. Mama akampeleka maabara, jibu likaja, dawa zikaanza, na kwa kuwa yuko nyumbani, akapona. Sifa zikaenda kwa dawa. Mwili nao ukajifunza bila kumuuliza mwenyewe: ukiuma, unaondolewa bwenini. Kapteni hakuwa akijisingizia, na hili nililirudia mara nyingi kwa naibu, aliyekuwa amefikia kusema kijana anakwepa shule. Maumivu ya tumbo la hofu ni maumivu. Mwili ukijiandaa kukimbia hupeleka damu kwenye misuli na kuliacha tumbo lijitegemee.

Dodoso la wasiwasi la maswali saba, GAD-7, lilimpa alama 16 kati ya 21. Kuanzia 15 huhesabiwa wasiwasi mkali. Lile la sonona la maswali tisa, PHQ-9, lilimpa 9 kati ya 27, bado kiwango hafifu. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, alilijibu sifuri. Mimi huliuliza tena kwa mdomo hata karatasi ikisema sifuri. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Alikaa kimya kidogo. "Nikifa, nani atahesabu?" Nilibaki nimeshika kalamu. Wajibu uleule uliokuwa ukimvunja ndio uliokuwa umemshikilia. Tukakubaliana yeye, mama na mimi nani ataambiwa nini iwapo jibu hilo litabadilika. Mama akauliza kwa sauti ya chini kama mambo haya yakiandikwa polisi watakuja. Nilimweleza kwamba mwanawe hajafanya lolote, na kwamba Januari hiyohiyo ya 2025 Mahakama Kuu ilikuwa imetangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na katiba.

Je, kule kuhesabu na kukagua kulikuwa maradhi ya kurudiarudia jambo bila kuweza kuacha, yale ambayo mtu hunawa mikono hadi ngozi inachubuka? Nililiweka wazi swali hilo kwa majuma kadhaa. Nyumbani hakukagua chochote, wala likizo hakuhesabu kitu. Ukaguzi ulifuata cheo, haukumfuata mtu. Nikabaki na wasiwasi wa jumla wenye vipindi vya hofu ya ghafla.

Sasa kosa langu, ambalo nililifanya kwa raha. Kapteni alikuwa mteja ambaye kila mshauri humtamani. Tulikubaliana na shule kwamba ruhusa yake iwe ya tarehe, kila Ijumaa ya pili, tumbo liume au lisiume, na jioni awe amerudi. Hivyo ruhusa ikaacha kununuliwa kwa maumivu. Alifika saa nane kamili, kila mara. Nilimpa daftari aandike kila siku hofu imeanza saa ngapi, imefika ngapi kati ya kumi, amefanya nini, imeshuka saa ngapi. Lilirudi limechorwa jedwali kwa rula, mwandiko kama wa cheti cha ndoa. Na hofu ilikuwa ikishuka: 8, kisha 7, kisha 6, ngazi iliyonyooka. Nilimwonyesha msimamizi wangu wa kitaaluma siku hiyohiyo, nikijisikia mtaalamu. Msimamizi huyo ni mama mwenye miwani mizito, na hana haraka. Akapitisha kidole kwenye safu ya tarehe. "Leo Ijumaa. Mbona Jumapili imeshajazwa?"

Alikuwa amenifanyia nilichotaka, kama alivyoifanyia shule. Nilipomuuliza wiki mbili baadaye, masikio yake yalibadilika rangi. Alisema siku ile ya kwanza hofu iliposhuka aliniona nimefurahi, akaona vibaya kuniangusha.

Tangu hapo sijaisoma bidii ya kijana kwa macho yaleyale. Christopher Soto na wenzake, katika utafiti wao wa 2011 wenye watu zaidi ya milioni moja wa miaka 10 hadi 65, walionyesha kwamba kwa wastani bidii hushuka watoto wanapoingia ujana, kisha hupanda tena wakikua. Kila mzazi anayepigania chumba kifagiliwe anayajua haya bila utafiti. Kwa hiyo kijana anayelegea kidogo akiwa na miaka 14 hanitishi. Anayenifanya niulize maswali ni yule ambaye bidii yake inapanda huku usingizi unapungua, kwa sababu hakuna mwalimu atakayemleta. Alama zake zinamkinga asionekane. Kapteni alishika nafasi ya nne muhula ule wa taifodi mbili.

Tulianza upya. Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa kuacha siku moja tupu kwenye daftari, makusudi, na kunirudishia hivyo. Aliniuliza ni siku gani. Nikamwambia achague. Hofu ya ukurasa mtupu, alisema, ilikuwa 9, sawasawa na hofu ya bweni. Ya pili ilikuwa kukabidhi insha yenye neno lililokatwa kwa kalamu bila kuiandika upya. Ya tatu, kuhesabu vitanda mara moja, kufunga daftari, kulala, na kuiacha hamu ya kuamka ipande na kushuka yenyewe bila kuinuka. Daftari liliporudi lilikuwa bovu: 8, 8, 9, pengo, 7, 9, pengo. Hilo ndilo nililoliamini.

Baba nilimpata kwa simu, akiwa kwenye foleni ya Malaba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye akiwa na umri huo alikuwa akilala chini ya lori akiwa turniboi, na hajawahi kuona hofu imemlisha mtu. Nilitegemea hilo. Nisilolitegemea ni kwamba hakukata simu. Foleni ni ndefu, nadhani. Baada ya kimya akasema kijana amemrithi babu yake, babake yeye, mzee aliyekuwa akiamka usiku mara tatu kuhesabu ng'ombe wasiozidi saba. "Watu walimcheka," akasema, "lakini kwake hawakuwahi kuiba." Nikamuuliza yeye hukagua nini kabla ya safari. Akanitajia orodha yote, tairi, breki, taa, turubai, na akaongeza bila mimi kumwomba: "Unakagua mara moja, unatia sahihi, unaondoka. Ukikagua tairi mara ishirini hufiki Malaba."

Nilimwomba aje amwambie mwanawe hayo kwa mdomo wake. Alikuja Ijumaa moja, na viatu vya safari, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa. Alipomaliza habari za tairi, Kapteni akamuuliza, "Na ukisahau moja?" Baba akafikiri kweli. "Nimewahi kusahau. Nikasimama nikarekebisha." Vikao vyangu vyote havikuwa vimefika hapo.

Kulikuwa na swali la cheo. Mama alitaka avuliwe. Naibu pia alitaka, kwa sababu nyingine. Mimi nilisita, maana kumwondoa lilikuwa toleo jipya la ruhusa ya tumbo, na kumwacha kama alivyo ni kumwongezea mzigo. Alexander Thomas na Stella Chess, waliowafuatilia watoto 133 huko New York kuanzia 1956, walifikia wazo ambalo bado ninalitumia kuliko mengi ya baadaye: hakuna hulka mbaya, kuna hulka na mahali visivyoendana. Ndugu yake mdogo angepewa bweni lile angelala fofofo, na labda hilo nalo lingekuwa tatizo. Tulichokubaliana ni makapteni wawili, zamu usiku kwa usiku, orodha moja ya ukaguzi saa tatu na nusu, sahihi ya kapteni, sahihi ya mwalimu wa zamu, na basi. Usiku usio wa zamu, daftari linalala kwa mwenzake.

Ilikuwa wakati wa kuandika orodha hiyo, ndani ya ofisi ya naibu, kwamba Kapteni alisoma mstari wa sita kwa sauti: mlango wa pili, umefunguliwa? Naibu akasema huo hufungwa, wavulana wasitoroke. Nikakumbuka maandishi yangu ya pembeni. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kuwazuia watoto kutoka. Miezi mitano nilikuwa nikimfundisha kijana kuitazama hofu yake kama kengele iliyoharibika, na sehemu moja ya kengele ile ilikuwa ikilia kwa haki. Alikuwa ameliona jambo ambalo watu wazima wote wa shule ile, na mimi na cheti changu, tulilizoea au kulipita. Mwenye hulka ya kuhofu huona mapema. Shida ni kwamba anaona mengi, na ya kweli yanazama ndani ya yasiyo ya kweli. Kazi yetu ilikuwa kumsaidia ayatenge, nami nilikuwa nimeyatupa yote pamoja.

Kufuli liliondolewa, likawekwa komeo la ndani. Sitaki kutia chumvi: naibu hakufurahi, na iliwachukua majuma matatu.

Alama za GAD-7 zilikuwa 11 mwezi wa Juni, na 8 mwezi wa Septemba. Dawa za akili hazikuhitajika. Zingehitajika ningemrudisha kwa daktari bila aibu. Je, hulka yake ilibadilika? Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walijumlisha tafiti 207 za watu waliopata tiba za namna mbalimbali, wakakuta ule wepesi wa kuhofu hupungua kweli ndani ya miezi, si miaka. Hapa Kenya, mradi wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn, aliyekulia Awendo, umejengwa juu ya wazo kama hilo, kwamba mtu anaweza kukua. Katika jaribio lililochapishwa 2021, wanafunzi 413 wa sekondari waligawanywa makundi mawili, na waliopitia vikao vinne vilivyoongozwa na vijana wenzao waliotoka shule juzijuzi, si madaktari, walipungukiwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa Kapteni nitasema machache kuliko hayo: bado hupanga karatasi kwa tarehe. Bado hafurahii safari. Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, Novemba 2025, alitapika, akasukutua, akaingia.

Januari 2026 mama alinipigia simu akiwa stendi. Alikuwa akimpeleka yule mdogo, wa lori la Njoro, gredi ya kumi, naye shule ya bweni. Alinipa salamu za Kapteni, aliyekuwa sokoni akimsaidia kupima viazi. Nikamuuliza huyu mdogo anaendeleaje, maana Desemba alikuwa ameniambia, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba siku hizi huyu hurudi usiku wa manane ananuka pombe na anacheka.

"Huyu?" Nilisikia utingo akiita abiria nyuma yake. "Huyu usijali, Daktari. Huyu haogopi kitu. Ndivyo alivyo."

Nikamwomba, akishamfikisha, apite ofisini kabla ya kurudi sokoni.